Bibi Aliyelinda Maktaba

Sajenti Conjesta alikufa mara ya tisa kwenye ngazi ileile, ya tatu kutoka chini, na kwa mara ya tisa skrini ikawa nyekundu kisha nyeusi. Aliondoa mkono kwenye kibodi, akajifuta kiganja kwenye sketi.

Kando yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Edina, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Alikuwa mjane wa siku nne.

"Ruka, afande," alisema. "Kuna waya pale. Hauonekani mpaka uwashe tochi. Damiano alikuwa anaruka tu, alishazoea."

Walikuwa kwenye chumba cha nyuma cha banda la gemu, mtaa wa Sogea, Tunduma, mahali ambapo malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpaka yakaziba milango ya watu. Mbele kulikuwa na televisheni nne za vijana kucheza mpira. Huku nyuma Damiano alitengenezea simu na kompyuta za watu, na huku ndiko alikoweka kompyuta yake mwenyewe, ambayo hakumruhusu mteja yeyote aiguse. Jumamosi asubuhi hakuwa na desturi ya kufungua banda. Jumapili asubuhi Edina alirudi kutoka Kamsamba, alikolala kwa ajili ya kununua mpunga, akamkuta mumewe sakafuni, povu limemkaukia mdomoni, chupa ya munkoyo imelala pembeni. Ndani ya kile kinywaji cha Wazambia mlikuwa na dawa ya kuulia wadudu wa kahawa.

Mlango haukuvunjwa. Hakuna kilichoibwa. Daktari alisema kifo kilitokea Jumamosi kuanzia alasiri, akakataa kusema zaidi ya hapo. Gemu nalo lilionyesha kwamba mchezo wa mwisho ulihifadhiwa Jumamosi saa kumi na dakika arobaini jioni. Kwa hiyo, kama Afande Rubeni, mkuu wa Conjesta, alivyomweleza bila kuinua macho kutoka kwenye jalada, kijana wa watu alikaa peke yake, akacheza mpaka saa kumi na dakika arobaini, akafunga mchezo, akanywa sumu. Alimpa Conjesta mpaka Ijumaa. Siku hiyo jalada lingefungwa na kuandikwa kujiua.

Neno hilo lilikuwa limeshafanya kazi yake kule Isansa, kijijini kwa marehemu. Wazee wa kanisa walikataa kumzika. Hakuja mchungaji, haikulia kengele, haikuimba kwaya. Jumanne wanaume sita walimfukia Damiano pembezoni mwa shamba la kahawa la mama yake, haraka haraka, kama watu wanaofukia ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Kisha ndugu wakamgeukia Edina. Walisema mwanamume hajiui bila kusumbuliwa na mke. Shangazi wa marehemu alimtoa matangani mbele ya watu wote, begi lake likarushwa nyuma yake. Conjesta alikuwepo. Aliliona begi likipasuka, nguo za ndani za mjane zikitawanyika kwenye matope, na watu wazima wakicheka.

Hiyo ndiyo sababu alikuwa hapa, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, akijifunza gemu.

Safari ya kumi aliruka. Akapita.

Maktaba ilikuwa jengo kubwa lililoporomoka paa. Edina alimweleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba katika mchezo huo dunia imeshateketea kwa mabomu, watu wachache waliobaki wanaokoteza vyakula vya makopo kwenye magofu, na wanauana kwa ajili ya maji. Rafu za vitabu zilikuwa zimeangukiana. Majivu yalipeperuka kila ulipopiga hatua. Kwenye kona moja mifupa ya watu wawili ilikuwa imekumbatiana chini ya meza. Conjesta aliyatazama yote hayo kama alivyozoea kutazama nyumba ya tukio: mlango mmoja wa kuingilia, ngazi moja, stoo moja iliyofungwa kwa bati, na nyuma ya kaunta, kwenye kiti, bibi kizee mwenye kanzu iliyoungua pindo.

Bibi aligeuza kichwa. Alisema kitu kwa Kiingereza.

"Anaomba maji," Edina alisema. "Mpe. Bonyeza hapo."

Conjesta akampa. Bibi akanywa, akavuta kitabu kutoka chini ya kaunta, akakitoa. Edina alieleza kwamba mchezaji anaweza kufanya moja kati ya mawili. Anaweza kumletea bibi maji kila anapopita, naye atampa kitabu kimoja kila mara. Au anaweza kumuua, akachukua ufunguo wa ile stoo, ambamo mna bunduki zinazomaliza mchezo kwa urahisi. Wachezaji wengi humuua siku ya kwanza. Damiano alimletea maji kwa mwaka mzima. Alikuwa na vitabu arobaini na kimoja. Edina alimcheka mara nyingi kwa hilo, na Damiano alimjibu kwamba yule bibi amebaki peke yake, basi.

"Huu ni mchezo aliouhifadhi Ijumaa?" Conjesta aliuliza.

"Ijumaa, ndiyo. Tulikuwa wote. Mimi nilikuwa nafunga mizigo ya safari."

"Nifungulie ule wa Jumamosi."

Edina hakuwa ameufungua ule. Hakuna aliyeufungua. Polisi walikuwa wametazama saa yake tu, wakaandika. Alisogeza kipanya, akabonyeza, na maktaba ikarudi. Bibi alikuwa amelala kifudifudi juu ya kaunta. Alikuwa amepigwa risasi zaidi ya moja. Rafu yake ilikuwa tupu, stoo iko wazi, na mchezaji amebeba bunduki tatu mgongoni. Vile vitabu arobaini na kimoja havikuwemo tena kwenye mzigo. Vilikuwa vimetupwa sakafuni ili kupata nafasi ya risasi.

Edina alivitazama vile vitabu, mikono mapajani.

"Huyu si Damiano," alisema mwishowe.

Conjesta alimwambia kwa upole kwamba mtu aliyekwisha kuamua kufa anaweza kufanya chochote, hata kuharibu alichokipenda. Kwenye daftari lake aliandika: bibi ameuawa, vitabu vimetupwa, haitoshi. Alijua vizuri jinsi ambavyo Afande Rubeni angecheka. Alikuwa bado ameinamia daftari pale skrini ilipozimika, feni ikasimama, na ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ikashusha sauti polepole mpaka ikanyamaza.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mashine walisonya kwa pamoja. Mwenye mashine, Paskalina, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alitoka mlangoni akawaambia wachukue mahindi yao. "Yaleyale ya Jumamosi," alilalamika. "Nisije nikawaweka hapa mpaka giza tena."

Conjesta aliinua kichwa. Akavuka barabara.

Hakuuliza kwa haraka. Alianza na hali ya biashara, akaja kwenye mvua, akaja kwenye Jumamosi. Paskalina alieleza kwamba siku hiyo umeme ulikatika saa tisa alasiri, walipokuwa wanabadilisha nguzo huko juu, haukurudi mpaka saa mbili usiku. Alikumbuka kwa sababu msiba wa mtaa wa pili ulikosa unga. Conjesta aliandika maelezo yake, akaandika na ya wanawake wawili waliokuwa wamesubiri siku hiyo, kisha akapiga simu kwa watu wa umeme, nao wakamthibitishia saa. Alirudi kwa Edina akamuuliza kama banda lilikuwa na jenereta au betri. Halikuwa nayo.

Saa kumi na dakika arobaini jioni ya Jumamosi, basi, kompyuta ile ilikuwa kipande cha bati. Hakuna aliyecheza chochote. Mtu alikuwa amecheza mapema, kabla ya saa tisa, baada ya kusogeza mbele saa ya kompyuta. Na alipomaliza akairudisha. Alitaka ionekane kwamba Damiano alikuwa hai jioni. Na hakujua kwamba umeme ulikatika, maana wakati huo hakuwepo tena Tunduma.

"Nani aliwaonyesha polisi saa ya mchezo?" aliuliza.

Edina alifikiri. "Asajile. Alikuja Jumapili kunisaidia. Umeme ulikuwepo, akaiwasha kompyuta. Aliwaambia, tazameni, jana jioni alikuwa bado anacheza."

Conjesta alimfahamu Asajile. Kila mtu aliyefika msibani alimfahamu. Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa mizigo hapo mpakani, na mwalimu wa kwaya huko Isansa. Utotoni alisoma darasa moja na Nathanaeli, kaka mkubwa wa Damiano, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo miezi michache baada ya kumaliza kidato cha nne. Kanisa lilipokataa kuimba, Asajile aliimba peke yake kaburini, na mama wa marehemu, Ketrina, alimshika mkono muda wote, akimwita mwanangu. Jumamosi kuanzia saa tisa na nusu alasiri alikuwa Isansa, mbele ya wanakwaya thelathini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alikuwa wapi asubuhi.

Alhamisi saa nne Conjesta alimwita bandani. Alimwambia anafunga jalada, anahitaji kumaliza kitu kimoja cha kompyuta, na yeye ndiye msomi wa karibu. Koplo Eliudi, kijana wa Kindali asiyependa maneno, alikaa kwenye kona na karatasi zake. Edina walikuwa wamempeleka kwa Paskalina.

Asajile alikuja amevaa shati jeupe. Alitoa pole tena, akauliza hali ya afya ya Conjesta. Alipoulizwa kuhusu Jumamosi alijibu bila kujikwaa: asubuhi alilala, mchana alipanda kosta kwenda Isansa, na hakuwa amemwona Damiano tangu Alhamisi iliyotangulia. Gemu hajawahi kucheza. Hana muda wa mambo ya kitoto.

"Umeme ulikuwepo hapa jioni ile?" Conjesta aliuliza, kama anayejaza fomu.

"Ulikuwepo. Si alikuwa anacheza?"

Eliudi akaandika.

Conjesta alimweleza kwamba anataka kuona ndani ya ile maktaba lakini kila akijaribu anashindwa, vidole vyake ni vya mkulima. Alifungua mchezo wa Ijumaa, ule unaoanzia nje ya mlango, akamsogezea kiti. Asajile alisita. Alisema na yeye hajui. Conjesta akasema hakuna anayejua, ajaribu tu. Alikaa. Kwanza alijifanya mgeni vizuri: aligonga ukuta, akazunguka, akatazama juu. Kisha akaingia, akafika kwenye ngazi, na hapo mkono wake ulifanya ulichozoea. Hakuwasha tochi. Kwenye ngazi ya tatu aliruka.

Conjesta alimwacha apande mpaka juu. Asajile alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, akamwona bibi ameinua kichwa, akaachia kipanya kana kwamba kimemuunguza.

"Kwa nini uliruka?"

"Wapi?"

"Ngazi ya tatu."

"Niliona waya."

Conjesta alimwomba arudi chini amwonyeshe. Asajile alirudi. Alisimama mbele ya ngazi, akasogea, akainama, akatazama giza la skrini. Hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Sekunde zilipita, jasho likamtoka chini ya pua.

"Mimi nilikufa hapo mara tisa," Conjesta alisema. "Wewe ulikufa mara ngapi Jumamosi, kabla hujajifunza?"

Alijaribu kucheka. Akasema labda Damiano aliwahi kumsimulia. Conjesta alimsomea basi maelezo ya Paskalina na ya wale wanawake wawili, neno kwa neno, mpaka saa mbili usiku. Akamweleza alichokiona kwenye mchezo wa Jumamosi. Asajile alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama anaweza kunawa uso. Hakukubaliwa.

Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa yaliandikwa kituoni, kuanzia saa sita mchana. Hakupigwa, haikuhitajika. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili cha kanisani, akisubiri Eliudi amalize kila mstari.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye msiba wa Nathanaeli, Ketrina alimwomba amsaidie kupanga karatasi za mwanawe. Asajile alikuwa amefeli kidato cha nne. Alichukua cheti cha marehemu. Pale ofisini mpakani alijulikana kwa jina la Nathanaeli, na kwa jina hilo alipandishwa cheo mara mbili. Wiki mbili kabla ya kifo, Damiano aliitwa kutengeneza mashine ya kuchapisha ya ofisi ile, akaliona jina la kaka yake kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa rafiki yake. Hakupiga kelele. Hakutaka kumshitaki. Alimwambia kitu kimoja tu: kabla Jumapili ya pili haijapita aende kwa mama, amwambie mwenyewe kwa mdomo wake.

Jumamosi saa nne asubuhi Asajile alikuja na munkoyo kutoka ng'ambo. Alisema amekuja waagane, kesho anakwenda kusema. Damiano alifurahi, akanywa nusu chupa kwa pumzi moja.

"Alianguka saa ngapi?" Conjesta aliuliza.

"Saa nne na nusu hivi."

"Ukaanza kucheza saa ngapi?"

"Hapohapo. Nilikuwa na muda mchache."

"Alikuwa ameshakufa?"

Asajile alitazama kalamu ya Eliudi. Alisema hapana. Alisema hakujua kwamba ile dawa inachukua muda. Alivaa visikilizio masikioni. Damiano alijikokota mpaka chini ya meza, akamshika upindo wa suruali. Yeye akasogeza mguu. Alicheza mpaka karibu saa saba, maana mchezo hauhifadhiki mpaka uvuke ngazi ile, akahifadhi, akarekebisha saa, akafuta meza, akaenda stendi. Alipofunga mlango Damiano alikuwa bado anapumua.

Eliudi aliacha kuandika. Conjesta alimwambia aendelee.

"Kwa nini ulimuua yule bibi wa kwenye gemu? Kama ungemwacha, nisingejua."

"Alikuwa anaomba maji," Asajile alisema. "Kila ukisimama karibu anaomba. Hanyamazi. Sikuweza kuvumilia."

"Nani alikuwa anaomba maji?"

Ilimchukua muda mrefu kuelewa swali. Alipolielewa aliomba asaini. Alishika kalamu akaandika Nathanaeli, akagundua, akakata, akaandika Asajile.

Ijumaa Conjesta alimwekea Afande Rubeni jalada mezani, naye akalisoma lote akiwa amesimama, akatia saini. Kisha Conjesta akapanda kosta mpaka Mlowo, na pikipiki kutoka hapo mpaka Isansa. Mvua ilikuwa imenyesha, kahawa zinang'aa. Alimkuta Ketrina jikoni, peke yake. Ndugu walikuwa wameshatawanyika. Wakasalimiana kwa Kinyiha. Conjesta hakuzunguka. Alimwambia mwanawe hakujiua, alipewa sumu, na akamwambia na aliyempa.

Ketrina alikuwa anachochea moto. Aliendelea kuchochea.

Baada ya muda aliuliza kama Damiano alikufa upesi. Njia nzima Conjesta alikuwa ameandaa uongo kwa ajili ya swali hilo. Lakini maelezo yale yangesomwa mahakamani, mbele ya huyu mama, na wakili angeyasoma kwa sauti.

"Hapana, mama. Alichukua muda. Zaidi ya saa mbili na nusu."

"Na yeye alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa amekaa hapohapo."

Alimweleza na habari ya cheti, kwa kifupi. Ketrina alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa mahali kilipo kitu alichokitafuta zamani. Aliuliza kama sasa kanisa litakuja. Conjesta alisema atakwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa, leo hii, akiwa na barua. Ketrina aliuliza tena kama Edina amekula siku hizi, na ni nani anayemwangalia. Ndipo akanyanyuka, akatoa kwenye kabati hotipoti ndogo ya buluu, akaiweka mbele ya Conjesta.

"Hiki ni chakula chake Asajile. Tangu msiba uanze, kila akitoka kazini anakuja kula hapa. Jana nilimsubiri hakuja. Leo nikapika mapema." Alifunga mfuniko vizuri kwa kitambaa. "Mpelekee. Mwambie nilikipika kabla sijajua."

Conjesta aliipakata hotipoti ile kwenye pikipiki na kwenye kosta, mpaka Tunduma. Alifika jua halijazama. Asajile alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani. Aliitambua hotipoti kabla haijafunguliwa. Conjesta alimpa ujumbe kama alivyotumwa, hakuongeza wala hakupunguza, akafungua mfuniko. Ugali ulikuwa bado wa vuguvugu, na maharage yaliyoungwa kwa karanga, kama wanavyopika watu wanaomtarajia mgeni wanayempenda.

Asajile alikitazama chakula. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Alikisukuma kwa kidole kimoja, kikapita chini ya nondo mpaka kwenye viatu vya Conjesta.

"Onja wewe kwanza, afande," alisema.

Conjesta alichuchumaa. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikata tonge, akachovya, akala, akakata jingine, taratibu, akimtazama usoni, mpaka hotipoti ikabaki tupu.